Nilikaa Nyuma ya Darasa, Wakaniita Mkaguzi

Mama Sikuzani mpendwa, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka, cheka nikishamaliza. Mimi ni dereva wa gari la serikali hapa Ruangwa, kazi yangu ni kumpeleka mkaguzi wa shule, ambaye siku hizi anaitwa mthibiti ubora lakini vijijini bado ni mkaguzi tu, na usinidharau kwa kuwa niliishia darasa la sita kule Ruponda, maana usukani umenipa elimu ambayo wenye digrii hawana, nimefika Lubumbashi, nimefika Lilongwe, Kiingereza nakisikia na Kifaransa nakikohoa, na nikivaa kaunda suti yangu ya kaki hata askari wa barabarani hupiga saluti kwanza ndipo aulize leseni.

Mwezi uliopita tulikwenda upande wa Narung'ombe. Bosi wangu, nimwite Bwana Titus, alishikwa na homa tukiwa shule mama, akajilaza kwenye mkeka ofisini kwa mwalimu mkuu, akaniambia, "Wewe tangulia shule shikizi uwape hizi fomu, nikipata nguvu nitakuja." Shikizi, kwa wasomaji wako wa mjini, ni vile vyumba viwili vitatu vinavyojengwa kijijini chini ya shule kubwa, ndiyo shule mama, ili watoto wadogo wasitembee kilomita tisa.

Nimefika, hata gari sijazima, mwalimu huyo anatoka mbio, binti wa miaka ishirini na minane hivi, mikono yote chaki: "Shikamoo mkaguzi, karibu, tumekungoja tangu mwaka juzi!" Mama, neno "mimi ni dereva" lilikuwa ulimini, naapa, nikalimeza kama kidonge. Akaniwekea kiti nyuma ya darasa, watoto themanini na tatu wakasimama, shikamoo mkaguzi, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Sasa hapo ndipo nilipopotea. Mwalimu huyu, nimwite Eva, yuko peke yake, darasa la kwanza linatazama ubao wa huku, la pili linatazama ubao wa kule, yeye yuko katikati anageuka, anaimba silabi na hawa, anahesabu punje za ufuta na wale, hakuna anayemkatiza mwenzake, na nje mikorosho ilikuwa imetoa maua, ile harufu tamu inaingia dirishani polepole, vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga halitui, na zile ba be bi zikawa zinakwenda mbali kisha zinarudi, zinakwenda mbali kisha zinarudi, mpaka nikajiona nina miaka minane, kaptura imechanika, nimekaa mstari wa mbele, na hakuna mtu anayeniita nikafukuze nguruwe pori shambani. Sikulala, Mama, macho yalikuwa wazi. Lakini sikuwa pale.

Kuja kuzinduka, Eva amenisimamia na kitabu cha wageni. Jina nikaandika, simu nikaandika, cheo nikakiruka, na kwenye maoni mkono ukaenda wenyewe: "Kazi nzuri sana. Mwalimu wa pili ataletwa muhula ujao." Akasoma, akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Niliporudi shule mama, Bwana Titus anatetemeka, akauliza, "Huko shikizi kukoje?" Nikasema, "Kuko salama mzee, twende zetu." Tukarudi Ruangwa.

Juzi Eva kanipigia. Kumbe miaka mitatu alikuwa anaomba uhamisho wa kwenda Nachingwea, alipo mumewe na mtoto wao mdogo, ambaye siku hizi mama yake mdogo anayemlea ndiye anayemwita mama. Kibali kimetoka, anatakiwa aripoti tarehe mosi. Akasema, "Mkaguzi, nimeandika barua ya kukataa, naituma Ijumaa. Kama mwenzangu anakuja kweli, acha nimsubiri nimkabidhi watoto vizuri, uhamisho nitaomba tena mwakani." Nami nikasema, "Hongera mwanangu." Hongera! Tangu hapo naendesha kama niko chini ya maji, barabara naiona lakini siisikii.

Nikisema kweli ataondoka, na wale watoto watabaki na mbao mbili na upepo. Nikinyamaza, mtoto wake ataendelea kumwita mtu mwingine mama kwa ajili ya mwalimu ambaye nimemuumba mimi. Mke wangu Zuleha nimemwambia nusu tu, akanijibu, "Baba Raudha, wewe unapenda kuitwa." Nifanyeje?

Dereva, Ruangwa

*Mama Sikuzani anajibu*

Dereva, nimecheka, kisha nimeacha. Mkeo kakumaliza, mimi naokota makombo tu.

Wewe unahangaika na ahadi yako. Mimi nahangaika na ile "kuko salama". Watoto themanini na tatu, mwalimu mmoja, wamemngoja mkaguzi tangu mwaka juzi, gari likafika, ukashuka wewe! Upungufu ule ulitakiwa uingie kwenye ripoti ya Bwana Titus, upande mpaka kwa afisa elimu, umkoseshe mtu raha. Umeandikwa wapi? Uliuona kwa macho yako, ukakuumiza, kisha ukaufukia. Umewanyima ukaguzi wao, baba.

Najua hukuwa na nia mbaya. Mtu aliyetolewa darasani mapema, akipewa kiti tena, huona taabu kusema kwamba si chake. Nakuonea huruma kwa hilo, wala si kidogo. Lakini acha kuwapima watoto na Eva kwenye mizani. Kuwapatia wale watoto mwalimu ni kazi yenye wenyewe, wana ofisi na mihuri. Eva hapaswi kuilipia kwa mtoto wake, hasa akiwa hajui analipia nini.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, mweleze Bwana Titus yote, na usianzie Lubumbashi. Mwambie ripoti ina tundu, arudi akakae kwenye kiti kile mwenyewe. Ukipewa barua ya onyo, ipokee kwa mikono miwili. Alhamisi nenda kwa Eva, kwa bodaboda, umevaa shati la kawaida. Simu hapana. Omba kitabu cha wageni, usichane ukurasa, chini ya maneno yako andika: "Mimi ni dereva, sina mamlaka ya kuahidi mwalimu." Tia sahihi.

Atakasirika. Anaweza kukuita mwongo mbele ya darasa zima. Simama usikilize, utani uache nyumbani, wala usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, ana jambo la kuamua lililo kubwa kuliko wewe.

Akibaki, ni uamuzi wake. Akiondoka, usimwache ahangaike na godoro na masufuria njiani: kodi pikipiki ya matairi matatu, endesha mwenyewe, mfikishe Nachingwea mpaka mlangoni, shusha mizigo, kisha ondoka hata ukikaribishwa chai. Mtoto huenda akajificha nyuma ya mama mdogo asitoke upesi. Waache. Hiyo ni kazi yao wenyewe, na itachukua siku nyingi, kwa hiyo ianze mapema.