Niligonga Geti

Jumapili, 8 Machi

Nimefanya ujinga. Baba alikuwa ametoka kwenda kunyoa, nikasema ngoja niitoe pikipiki yake, nizunguke mtaa mara moja tu. Mwezi wa tatu sasa najifunza kuendesha kwa siri, jioni nikitoka kazini. Nilitaka siku atakayotimiza miaka sabini na tano nimwambie: Baba, panda nyuma, leo dereva ni mimi. Twende ziwani, kule alikokuwa akimpeleka marehemu Mama na mizigo yao yote kwenye yale masanduku mawili ya ubavuni mwa pikipiki.

Nikaisukuma kinyumenyume. Mwenye akili angeigeuza uani kwanza. Komeo la geti likanasa sanduku la kushoto — kraaa! Mkwaruzo mrefu, mweupe kwenye rangi nyeusi, kuanzia nyuma mpaka karibu na mbele. Umepita katikati ya stika ya samaki aliyoibandika Mama. Samaki sasa ana kichwa huku na mkia kule.

Nikairudisha kwenye stendi, nikaifunika turubai, nikaingia jikoni kuosha vyombo visafi.

Jumatatu, 9 Machi

Ameona. Alisimama pale na kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha: "Mama, nimefanya nini tena?" Ananiita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nimefanya! Hakuuliza ni nani. Aliona ni yaleyale ya gesi aliyoiacha wazi mwezi uliopita, na miwani iliyokutwa ndani ya friji. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema: chai imepoa Baba, nikuongezee?

Kazini, pale duka la dawa, tuna daftari la makosa. Ukikosea hata lebo, unaandika mwenyewe na kutia sahihi kabla zamu yako haijaisha. Anayelikagua ni mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Kaka amekuja. Tangu utotoni tunamwita Mkuu, kwa jinsi anavyopenda kutoa amri. Amechuchumaa mbele ya sanduku kama askari wa usalama barabarani, kisha akalitazama komeo la geti. Akasema leo ni geti, kesho atakuwa mtoto wa mtu. Na hasemi uongo, hilo ndilo linaloniuma.

Baba hakubisha. Baba! Mtu anayebishana na redio. Aliingia ndani, akatoka na funguo, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mimi nimesimama palepale na sinia la vikombe. Mkuu akaniambia wakati wa kuondoka: mdogo wangu, siku moja utanishukuru.

Jumanne, 17 Machi

Nimemleta fundi rangi. Kapapasa, kagonga kwa kidole, kafungua na kufunga. Akasema dada, huu ni urembo tu umeharibika. Sanduku linafunga, halivuji, halijapinda. Nipe siku mbili, hata wewe mwenyewe hutajua kama palikuwa na kitu.

Nilifurahi, jamani. Lakini Baba akakataa, kwa upole. Liache hivyo hivyo, fundi, nilione kila asubuhi, nisije nikasahau.

Fundi akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa, 20 Machi

Mlango wa friji una vikaratasi vya Baba. *Zima gesi. Dawa ya presha asubuhi. Miwani: mezani.* Leo kuna kipya. Mwandiko wake wa seremala, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula:

*Niligonga geti.*
*Usiendeshe tena.*

Nimelia bafuni, bomba nimelifungua. Jina la jirani tuliyeishi naye miaka kumi linamtoka kichwani, lakini uongo wangu anaukariri kila anapochukua maziwa.

Jumapili, 22 Machi

Wiki nzima hajanyoa ndevu. Hatoki. Chakula nusu sahani, halafu anasema ameshiba.

Nisijidanganye. Siku ile ya kwanza niliogopa tu, basi. Sasa nimepata sababu nzuri: nikisema ukweli, Mkuu atarudisha funguo, Baba atapanda. Na mwezi uliopita tu alipotea njia akitoka kununua misumari, mtaa wa pili! Akianguka huko barabarani, nitasema nini? Kwa hiyo nanyamaza kwa ajili yake. Sababu nzuri kweli. Shida yake moja, imekuja siku nyingi baada ya kosa.

Alhamisi, 26 Machi

Nimerudi kazini nikamkuta uani. Ameondoa turubai, amechuchumaa, anapitisha kidole gumba kwenye mkwaruzo. Kwenda mbele. Kurudi nyuma. Tena.

Kitendo kile nakijua. Nikiwa mdogo, kwenye karakana yake, alikuwa akinishika kidole na kukipitisha juu ya mbao: ukienda huku laini, huku inachoma, na kule patasi ilikoishia ndiko takataka zinakojikusanya.

Akaniambia, bila kugeuka, kwamba rangi imejikunja upande wa mbele. Maana yake pikipiki ilikuwa inarudi nyuma. "Na mimi sijawahi kutoka kinyumenyume, mama. Hata siku moja." Akamgusa yule samaki kidogo, kwenye mkia. Halafu sauti ikashuka: "Au na hilo nimesahau?"

Nikasema sijui, Baba.

Sijui! Mtu mzima wa miaka thelathini na nane, nimesimama na mkoba begani, nasema sijui. Alirudisha turubai na kulifunga kamba vizuri, kila pembe.

Jumamosi, 28 Machi

Amenyoa! Nimeamka nikasikia anapiga mluzi bafuni. Mezani akasema nimezidisha sukari.

Sasa yuko getini. Amefungua geti lote, ameileta pikipiki hadi pale kwa kuisukuma polepole, na ana futi yake ya chuma ya kupimia. Penseli sikioni. Amepima toka chini hadi kwenye komeo, akaandika kwenye kiganja. Ataona tu, vipimo vitalingana. Nimesingizia kiu, nikaingia jikoni.

Kikaratasi bado kipo kwenye friji. Lakini "Ni" ameikata, kwa mstari mmoja mnyoofu. Limebaki *ligonga geti*, na mbele yake ameacha nafasi. Kalamu ameiweka pale juu ya friji, kifuniko kimetolewa.

Mstari wa pili hajaugusa. *Usiendeshe tena.* Upo vilevile, na chini yake amepiga mstari, mara mbili.

Nimeusoma, nikausoma. Hazitaki funguo. Kumbe hata mara moja hakuzitaka! Alishajua mwenyewe kwamba basi. Alichokuwa anatafuta kwenye lile sanduku ni hiki kingine, kujua kama kosa ni lake au la, na mimi nimekikalia siku ishirini, nikijiita mlinzi wake.

Nimekibandua kikaratasi, kiko hapa pembeni ya daftari. Nafasi aliyoiacha inatosha herufi mbili. Ni zilezile alizozikata, ila safari hii kwa mwandiko wangu.

Ananiita. "Mama! Njoo unishikie futi huku mwisho."

Nimesema nakuja. Sauti yake haina hasira, ndiyo ile ya karakana, ya mtu mwenye kazi yake na anataka mkono wa pili. Kalamu ninayoandikia hapa ni ile yake.

Nimeandika N.

Anaita tena.