Bosi wa Kwamboka

Kerubo, haya Kwamboka mwenyewe ameniambia jioni hii akivua viatu mlangoni. Nimechoka hata kucheka.

Leo ameuza chapati sokoni Erdington, huku ng'ambo kwetu, kwa mara ya kwanza. Kila anayeuliza nani amepika, binti yangu huyu anajibu, "Bosi wangu." Bosi gani? Si amezisukuma peke yake!

"Mama, niliogopa watasema ni mbaya," ananiambia.

Sasa Msomali mmoja wa Garissa, Fardowsa, akataka chapati za harusi. Akasema lazima aongee na bosi. Kwamboka akampa namba yangu. Yangu mimi!

Akapiga tukila. Nikamwambia, "Bosi ndiye huyo aliyekuuzia." Nikampa Kwamboka simu. Akaipokea, akasema, "Ndiyo, mimi ndiye nimepika. Harusi ni lini?"

Wajukuu wamelala. Na yeye sasa anakoroma kwa kochi, aproni bado kiunoni.