Recho Anataka Kuficha Matokeo Yake

Kibara, Bunda
11 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Makongoro,

Marahaba, maana najua shikamoo ungeanza nayo. Huku tu wazima. Goti langu linasumbua asubuhi tu, likipata jua linatulia. Mihogo imekubali, dagaa wamejaa hadi bei imeanguka. Na huko Songea mnaendeleaje? Wifi Raya kifua kimempa nafuu? Baridi ya huko simwombei mtu.

Sasa nije kwenye la Recho. Kwenye simu nilikuambia mpwa wako amepata daraja la pili kidato cha sita. Ukanyamaza, halafu simu ikakata. Sijui ni mtandao au ni wewe. Ndiyo maana nimeona niandike.

Tangazo la jeshi limetoka. Wanaoomba mafunzo ya uafisa wawe na kidato cha sita, daraja la kwanza au la pili, na Fizikia wawe wamefaulu. Wa kidato cha nne wanaingia askari wa kawaida. Hapo hawana mchezo. Nathanieli, yule kijana wa jirani anayekimbia mpaka mbwa wanachoka, mwaka jana alikwenda Musoma na daraja lake la tatu kuomba uafisa. Walimrudisha kabla hata ya kumpima macho. Mbio zake hakuna aliyezitazama.

Recho anavyo vyote. Mimi nikajua tumemaliza. Juzi nikamkuta anafunga bahasha, ndani ameweka cheti cha kidato cha nne peke yake. Nikamuuliza, matokeo ya kidato cha sita yako wapi? Akasema hayapeleki, anataka askari wa kawaida. Eti akivaa nyota begani, Mjomba mwenye V tatu za usajenti mkononi itabidi ampigie saluti, na yeye hawezi kusimama akapokea saluti ya mtu aliyemsomesha tangu baba yake afariki.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Fizikia imemtoa machozi miaka yote ile. Alikuwa anasomaga huku anakaanga sato, samaki wanaungua na sisi tunakula hivyohivyo. Leo anataka kujifanya hajasoma. Huo ni ujinga wa mtu mwenye akili, na ndio unaoudhi zaidi.

Lakini mdogo wangu, nakujua. Wewe ulikwama hapohapo. Uliambiwa kwa matokeo yako uafisa usahau, na tangu siku hiyo ukiwaona maluteni vijana unawaitaga vitoto. Ukija likizo unayasema hayo hapa sebuleni, na Recho alikuwa anakaa pembeni anasikia. Anaogopa na yeye atakuwa kitoto chako kimojawapo. Mimi pia naogopa, ndiyo maana ile simu ilinikosesha raha.

Nimemwambia weee, hayamwingii. Anasema mimi jeshi silijui, na ni kweli silijui. Mwisho wa kupokea maombi ni mwisho wa mwezi huu. Ukishasoma hii mpigie mwenyewe, usinipitishie mimi. Mwambie utampigia saluti na haitakuuma. Kama itakuuma, umia kimyakimya hukohuko, lakini mwambie apeleke matokeo yote.

Mama mkubwa wa Mugango anakuulizia kila nikienda, macho yake sasa hayaoni mbali. Msalimie wifi, na Amini wenu mwambie shangazi anamdai salamu. Mungu awatunze nyumba nzima, na wewe akulainishie moyo.

Na kuhusu heshima msipate shida. Huko kambini mtasalimiana mnavyotakiwa. Akivuka mlango wangu hapa Kibara, na nyota zake zote begani, atapiga magoti akuamkie, na wewe utaitikia ukiwa umekaa.

Dada yako anayekupenda na kukugombeza,
Dafroza