Upo wa Baba

Kibiti, Jamadil Akhir 1323

Kwako kaka yangu Bwanaheri,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta huko Salale ukiwa mzima, wewe na wifi Mwanahawa, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi afya tunazo, alhamdulillahi, ila usingizi hatuna.

Yale maji ya dawa kutoka Ngarambe yamefika hapa. Wanaume wamenyunyiziwa na kuambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Shemeji yako Tamimu, asiyeweza kuchinja hata kuku mpaka nimshikie miguu, naye amejiunga.

Baya zaidi, wamekumbuka upo wa marehemu baba, ule wa mti wa kuchotea maji yanayoingia mtumbwini. Sifa zake unazijua: ndio uliowaita watu wa jahazi lililovunjika mlango wa Simba Uranga, wakatoka baharini wazima wote. Tangu hapo wajawazito wamekuwa wakinyweshwa kwa upo ule. Sasa Abdulkarimu, anayewaongoza vijana wetu, amesema kilichoshinda bahari hakitashindwa na bunduki. Dawa ikagawiwa kwa upo huo, kisha Tamimu akapewa aubebe atangulie, kwa kuwa ni mkwe wa mwenyewe. Mbele kabisa, kaka! Nimemsihi, nimelia, nimegoma hata kupika. Akaniambia nisimwaibishe.

Basi jana nikamwambia jambo ambalo hata wewe hulijui. Baba alinieleza nilipokuwa nikimuuguza. Siku ile mvua ilikuwa imeziba macho na mtumbwi ulikuwa unajaa. Mwenzake Mshamu alikuwa nyuma na kafi, na baba akawa anampigia kelele ampe kile cha kuchotea maji: "Upo! Upo!" Waliokuwa wakizama wakadhani wanaulizwa kama wapo. Wakaitikia, "Nipo! Nipo!" Baba akafuata sauti, akawaopoa mmoja mmoja. Upo wenyewe Mshamu alikuwa ameukalia. Hapakuwa na uganga wowote, ila baba aliona haya kuwavunja watu moyo.

Nilidhani Tamimu atacheka, kisha abaki. Hakucheka. Aliweka bakuli la uji chini, akaniomba nisimwambie mtu mwingine, maana wenzake wameushinda woga kwa ajili ya upo ule, naye hawezi kuwanyang'anya. Leo asubuhi wameondoka kuelekea Umatumbi. Wenzake walikuwa wakiimba. Yeye alikuwa mbele, ameukumbatia kifuani, midomo imemkauka.

Kaka, mimi nilitaka kumzuia tu. Wenzake wote wamekwenda na kinga yao, iwe ya kweli au ya uongo. Tamimu peke yake hana, na niliyemvua ni mimi.

Mkiswali, mtajeni kwa jina lake. Mpwa wako Tatu anakuamkia, na wifi mpe salamu zangu nyingi.

Ni mimi nduguyo,
Waride binti Sadallah