Kistari Mbele ya Jina Lako

Mpendwa mkutubi wangu,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Doto pacha wangu. Kile kistari kilichokuwa mbele ya jina lako kwenye ubao wa watumishi, pale nje ya ofisi ya walimu, nilikichora mimi. Nilitumia rula ili kinyooke.

Sijui kama ulijua. Anwani yako sina. Wengine wanasema umehamishiwa Dodoma, wengine wanasema umerudi kwenu Tanga. Naandika hivyo hivyo.

Unakumbuka siku yako ya kwanza hapa Bariadi? Uliingia darasani kwetu saa nane mchana, ukatusalimia kwa Kisukuma ulichofundishwa na bodaboda aliyekuleta kutoka Somanda: "Mwangaluka!" Darasa zima likaangua kicheko. Masanja akasema kutoka nyuma, "Mayu, hiyo ni ya asubuhi. Saa hizi ni mwadila." Ulicheka kuliko sisi. Kisha ukainua rundo la funguo, ukatuambia maktaba itakuwa wazi kila siku mpaka saa kumi na moja jioni. Kabla kengele haijalia ulikuwa umeshaitwa Mayu Funguo, yaani mama wa funguo, na hata walimu wakalichukua jina hilo.

Mimi nilikuja kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Tangu Doto apelekwe kusoma Nyashimo kwa shangazi, mapumziko yalikuwa marefu mno. Maktabani hakuna anayekuuliza kwa nini uko peke yako. Wewe pia hukuuliza. Uliona mwandiko wangu kwenye daftari, ukanipa vibandiko na kalamu.

"Kulwa, niandikie namba za migongoni mwa vitabu. Ziwe wima, msomaji azione akiwa mbali."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi, na kiti karibu na dirisha.

Kutoka kwenye kiti hicho nilikuona siku Masanja alipokuja kutafuta kitabu cha pamba. Nilidhani utamwonyesha rafu tu. Ukamuuliza, "Pamba ya mtihani au pamba ya shambani?" Akasema ya shambani, ya baba yake, inaharibika. "Inaliwa majani au vitumba?" Vitumba. "Unataka kumjua mdudu, au unataka kujua namna ya kumzuia?" Masanja akakuna kichwa, akasema yote mawili. Ulikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kilimo, ukachomoa kijitabu chembamba ambacho mimi ningekipita mara mia, ukakifungua penye picha ya funza wa vitumba.

"Huyu huyu!" Masanja akapiga kelele. "Mayu Funguo, kumbe wewe daktari!"

"Mimi mkutubi," ulisema. Ulilisema neno hilo taratibu, kama mtu anayetaja jina lake kwa mara ya tatu.

Mvua kubwa ilipotukuta mwezi ule, ulitandaza mezani karatasi zilizolowa kwenye bahasha yako zikauke. Nikaona cheti cha chuo kikuu. Shahada ya ukutubi, miaka mitatu. Nikauliza swali la kijinga: "Kumbe hii kazi watu wanaisomea?"

Hukukasirika. Ulisema, "Wengi wanadhani nilisomea kupangusa vumbi." Ukageuza cheti upande wa pili, nao ukauke.

Kwa hiyo nilijua, nisingeweza kusema sikujua. Siku makamu mkuu aliponiita niandike ubao mpya wa watumishi, alinipa karatasi yenye safu tatu: jina, cheo, elimu. Wewe ulikuwa chini kabisa, baada ya mpishi na mlinzi. Cheo: mhudumu wa maktaba. Elimu palikuwa patupu. Nikauliza niandike nini.

"Weka kistari," akasema. "Kufungua mlango na kufunga, elimu ya nini?"

Mwalimu mmoja akadakia, "Basi mlinzi wetu ni profesa, ana funguo nyingi zaidi." Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, nadhani. Walicheka kama watu wanaosubiri chai.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Maneno yalikuwa mawili tu: ana shahada. Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Asubuhi yake nilikukuta umesimama mbele ya ubao. Ulisimama muda mrefu. Mwandiko wangu uliufahamu kuliko mtu yeyote, ulikuwa umejaa kwenye vitabu vyako vyote. Mchana ulinipa vibandiko kama kawaida, ukaniambia, "Hii saba yako imelala. Inyooshe." Nimeigeuza sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko somo lolote.

Muhula ulipoisha ukaondoka. Hukuniaga, au labda uliniaga na mimi sikuelewa, kwa sababu siku ya mwisho uliniachia kalamu yako.

Baada ya hapo ikasemekana wageni watakuja kukagua shule. Kidato cha pili wakaambiwa wapange vitabu vipendeze. Wakavipanga kwa kimo, virefu kushoto na vifupi kulia, na vyenye majalada mekundu wakavipa rafu yao. Wageni walisifu. Sasa mlango unafunguliwa Jumatano tu. Juzi makamu mkuu mwenyewe aliingia kutafuta kitabu cha kemia, akazunguka mpaka shati likalowa, akasema, "Vitabu vya shule hii vimeota miguu." Nilikuwa kwenye kiti changu. Nikainamia daftari langu. Nakaa pale na vitabu ambavyo najua namba zake zote, lakini hakuna kilicho mahali pake, na hakuna wa kumwambia.

Jana makamu mkuu aliniita kuandika ubao wa muhula huu. Kwenye karatasi aliyonipa, jina lako lilikuwa limekatwa. Cheo kilikuwa kile kile, na elimu kistari.

Nikasema, "Mwalimu, kinaitwa mkutubi."

"Unasemaje? Paza sauti."

"Cheo chake. Ni mkutubi. Na alikuwa na shahada. Nilikiona cheti."

Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Akaniangalia, akaiangalia karatasi. "Lakini huyo ameshahama, Kulwa."

"Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana vitabu vimeota miguu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Haya. Andika hivyo, wakituletea mwingine wajue tunataka wa namna gani."

Kwenye safu ya cheo nikaandika: Mkutubi. Kwenye safu ya elimu: Shahada ya ukutubi. Kwenye safu ya jina nikapiga kistari, kwa rula. Halafu nikaomba funguo, nikaenda maktaba, nikakitoa kile kijitabu cha pamba katikati ya vifupi, nikakirudisha kwenye rafu ya kilimo. Nikaendelea na kinachofuata.

Msomaji wako wa kiti cha dirishani,
Kulwa