Jina Linalofifia kwa Skrini

Jumanne.

Bado sijatulia, na kazi yenyewe si yangu. Binti yangu Wangari anachora kwa kompyuta picha zinazotembea, za sinema ya nchi ambayo maji yamebaki kidogo na skrini ukutani ndiyo inaamua nani atapewa. Mwenye sinema alikuwa amezikataa mara mbili. Angekataa tena, kazi angempa mtu mwingine.

Asubuhi akanionyesha. Moto, mafuvu, maandishi mekundu.

"Mum, inatisha?"

Nikamwambia hapana. Yule anayetupimia maziwa hapa Dundori hapigi kelele. Akiona yako ni mabaya, anafunika mtungi wako polepole na kuita jina linalofuata. Hiyo ndiyo inatisha.

Akafuta yote. Sasa majina ya wanaongoja maji yanapanda kwa skrini polepole, moja linafifia, lingine linachukua nafasi yake. Hakuna sauti.

Jioni mwenye sinema akapiga simu. Amekubali.

"Mathe, wewe ni noma," Wangari akanikumbatia.

Nimeshukuru Mungu, kweli. Lakini nikamuuliza, huyo mama ambaye jina lake limefifia, atakunywa nini?

"Mum, hilo ni jina tu."

Najua. Lakini si angemwekea hata jirani mmoja wa kumgawia maji.