Muuguzi wa Jukwaani

London, Jumapili asubuhi

Baba yangu, Sajini,

Napiga mguu chini na kukupa saluti, ingawa mguu wenyewe umevaa soksi mbili na sakafu ya hapa haitoi mlio kama ile ya kituo cha Kasese. U hali gani, na lile goti lako lililostaafu kabla yako? Dada yangu Masika na watoto wake wanaendeleaje, na vitenge vyake vinanunuliwa pale sokoni Mpondwe? Mimi mwilini ni mzima. Nje kuna ukungu mzito tangu alfajiri, nyumba ya ng'ambo ya barabara siioni, na kila nikiinua macho najikuta nangoja ukungu upasuke nione mlima. Hali ya Mama sijauliza. Ndiyo iliyonikalisha mezani.

Kama kuna mtu karibu yako, kunja karatasi hii sasa, nenda nayo nyuma kwenye migomba uisome peke yako. Bahasha ina karatasi mbili. Hii ni yako. Ile ndogo iliyokunjwa mara nne iache kwanza, nitakuambia wakati wake.

Baba, mpeleke Mama hospitali. Mpeleke wiki hii, kule mgodini Kilembe au kwa wamisheni, popote penye daktari wa kupasua. Umeniandikia kwamba uvimbe wa kifuani ulikuwa kama punje ya haragwe wakati wa kupanda na sasa umefika yai la kuku, na kwamba kila ukimwambia aende anakujibu, "Mutoto yangu iko munganga Bulaya. Mi siwezi kuvuliwa nguo na mutu sijue. Nitamungojea Kavira." Anangoja bure. Mimi si muuguzi. Niliacha kazi hiyo kabla sijamaliza kujifunza, miaka sita sasa. Mimi ni mwigizaji.

Nimeinuka nikachemsha chai, nikarudi, nikayakuta maneno hayo bado yapo. Basi niendelee.

Ulikaa miaka mingi ukiandika maelezo ya watu kwenye ile meza yenye mguu mfupi, na kila mtu ulimwanzia vilevile: "Sema ile kitu uliona na macho yako. Ile ulisikia, wacha." Sisi watoto wa kambi ya polisi tuliijua kama sala. Nyumbani ulitueleza kwamba mwongo unamjua kwa maelezo yake kujaa mno, hayana pengo hata moja, hata rangi ya kuku aliyepita anaikumbuka. Nikizifikiria barua nilizokuletea, joto la wagonjwa, majina ya dawa, metroni alivyokunja uso, nashangaa hukunikamata. Au ulinijua ukanyamaza? Hilo nalo limenisumbua.

Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Ulinipandisha treni pale Kasese umevaa sare, na Mama akalia amejificha nyuma ya mgongo wako. Nilikuja kweli kuwa muuguzi, na miaka miwili ya kwanza kila nililoandika ni kweli. Hata habari ya theluji ni kweli. Siku ilipoanguka mara ya kwanza nilitoka wodini na bakuli la chuma, nikalijaza, nikaishika ile theluji mpaka vidole vikafa ganzi. Maisha yangu yote nilikuwa nimeiona mbali kule juu ya mlima wetu, mawingu yakifunguka asubuhi kidogo na kufunga tena, na sikudhani ni kitu cha kushikwa na mtu. Tangu siku hiyo nadhani nilianza kuota nikiwa macho.

Krismasi ilipofika, wauguzi wa hapa huwachezea wagonjwa michezo wodini. Wenzangu waliimba. Mimi sikuwa na wimbo, nikawaonyesha bomba la maji la kambini kwetu. Unalikumbuka: foleni ya ndoo, mke wa koplo Mwacholi na kidole chake, yule mama Mganda wa nyumba ya tatu aliyekusalimia amepiga magoti huku anakutukana, na Mama yetu katikati akiwaamua kwa Kiswahili cha kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, "Bote banyamaze. Maji iko ya serkali, haiko ya kabila ya mutu." Nilikuwa wote watatu kwa zamu. Hawakuelewa hata neno moja, na walicheka mpaka metroni akahofia nyuzi za walioshonwa vidonda.

Kwenye kitanda cha mwisho alilala mzee aliyevunjika nyonga, na kazi ya mzee huyo ilikuwa kufundisha waigizaji. Aliniita, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia, kwenye kambi ya polisi. Akafikiri namtania.

Nikaanza kwenda darasani kwake siku zangu za mapumziko. Kisha nikaenda na siku zisizo za mapumziko. Sikufukuzwa hospitali, Baba. Ningependa kukuandikia kwamba nilifukuzwa, maana lingekuwa kosa la mtu mwingine. Niliondoka mwenyewe, asubuhi moja, na sanduku langu, nikapita bustanini kukiwa na jua dogo la baridi, na sikuihisi miguu ikigusa ardhi. Nilikuwa na furaha. Uongo wote ulianzia hapo, kwa sababu sikujua namna ya kukuandikia furaha hiyo wewe uliyeuza ng'ombe wako wote wawili ili niwe munganga.

Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba sinia. Naingia, naweka chai, natoka, sisemi kitu. Lakini ukisimama pale taa zikakupiga, watu walioketi gizani huwaoni, unasikia pumzi zao tu, kama ng'ombe wengi waliolala. Nilitamani kumwaga chai ili nibaki kuipangusa. Baadaye wakanipa maneno mawili, kisha kumi, kisha ukurasa mzima. Mwaka wa tatu wakaniingiza kwenye televisheni, na ucheke ukitaka, walinifanya muuguzi. Ile picha mliyoitundika ukutani, mimi na kofia nyeupe, ni ya huko. Saa ya kifuani ni saa kweli ila haitembei. Hata wenyeji wa hapa walidanganyika. Mama mmoja alinisimamisha kituo cha basi, akapandisha sketi kunionyesha goti lake. Kumbe kwetu Bwera na London mambo ni mamoja.

Usidhani niliwaponya kwa kubahatisha. Ushauri wote niliowatumia, wa chango la mtoto wa Masika, wa macho ya katekista, wa goti lako, ulikuwa wa Dorini, binti wa Jamaika niliyeishi naye chumba kimoja hosteli. Yeye alimaliza, ni muuguzi hasa. Nilikuwa namsomea barua zako kwa Kiingereza, yeye anasema, mimi naandika. Juzi nilimsomea hii ya Mama. Aliweka kikombe chini akaniuliza kama ngozi imevutika na kama kuna mwingine kwapani. Nikasema Baba hakuandika. Akasema, "Kavira, kwa hili sina la kukuandikisha. Mama yako aonwe na daktari wiki hii." Kisha akanishika bega, na Dorini si mtu wa kushika watu mabega.

Tangu hapo sijalala vizuri. Naigiza kila siku na nyimbo za kambi zinapita kichwani.

Nikueleze na lililobaki, usije ukalisikia kwa mwingine. Mwaka juzi nilipewa mchezo mkubwa, mjane anayetafuta maiti ya mumewe vitani. Mwelekezi alitaka niingie na kuni kichwani, kwa kuwa ndivyo alivyowaona Waafrika kwenye picha. Nikakataa. Nikamwomba kamba. Nikabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, shingo nimeikaza, macho chini, mikono haina kazi, nikatembea kama Mama anavyopanda kutoka mto Lhubiriha na mkungu wa ndizi. Magazeti yakasema nimebuni mwendo ambao haujaonekana. Nikapewa tuzo ya mwigizaji bora wa mwaka katika hoteli ya mazulia mazito, na gazeti moja likaniita mwigizaji wao, Mwingereza. Sikubuni chochote. Nilimkumbuka tu.

Na jina, Baba. Walipotaka jina la ukoo, lililonijia ni lile ambalo kambi nzima ilikuita. Mbele ya ukumbi wa michezo limeandikwa kwa taa: Kavira Sajini. Mvua ikinyesha linaonekana chini pia, kwenye lami, na watu wanalikanyaga wakiingia. Nimewahi kusimama ng'ambo ya barabara nikilitazama mpaka nikachelewa kazini.

Lakini siku ya tuzo, waliponiuliza kwetu ni wapi, nilisema ni mahali padogo chini ya mlima, nikaishia hapo. Niliogopa mwanafunzi fulani kutoka Kampala angesoma gazeti akakuletea habari kabla yangu. Niliwaficha wewe na Mama mbele ya ukumbi mzima, nimeshika tuzo iliyotokana na mwendo wake. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Najua sokoni wanakuita Baba Munganga, na najua unavyovuta mkanda wa suruali wakikuita. Nimekuvua jina hilo bila kukuuliza. Hasira zako ni haki yako. Nitakuja, nimekwisha kuomba ruhusa, mwenzangu atashika nafasi yangu na baada ya wiki tatu nitapanda ndege. Nitasimama mbele ya meza yako, wewe uandike, mimi niseme. Ila uvimbe haungoji wiki tatu.

Sasa sikiliza, maana ndipo penye ugumu. Ukimwambia Mama leo kwamba mimi si muuguzi, hataenda hospitali kwa uchungu, kama ambavyo haendi sasa kwa kiburi. Mama hajawahi kumtii mtu. Wewe ulikuwa na bunduki na filimbi na hakukutii. Padri mwenyewe anamwogopa. Anamtii munganga mmoja tu duniani, na munganga huyo hayupo. Kwa hiyo nimemwandikia kwa mkono wa huyo asiyekuwepo. Ndiyo ile karatasi ndogo. Mna jambo moja humo ambalo Dorini hakulisema wala hakuna aliyelisema, nimelitunga mimi, na nimetafuta njia nyingine nikaikosa. Nakuomba wewe, uliyewafunga watu kwa maelezo ya uongo, umsomee.

Naomba unikubalie nikufundishe kazi yangu kidogo. Soma mchana, umekaa, si kwa sauti ya gwaride. Usimtazame usoni, tazama mikono yake. Ukikwama, sogeza karatasi karibu na macho, ujifanye mwandiko wangu ni mbaya. Usiongeze neno lako hata moja. Waigizaji wabaya huongeza. Ukimaliza mpe karatasi aishike, hata kama hasomi, kisha kafunge mzigo wa safari mbele yake bila kumwuliza. Akishapona nitamwambia yote kwa mdomo wangu mwenyewe, na mwiko wa ugali upo jikoni, atauchukua akitaka.

Nisalimie Masika, dada yangu mkubwa, na shemeji dereva wa lori. Msalimie katekista, aendelee kuosha macho kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, hilo ni la Dorini na ni sahihi. Mjomba wa Butembo akivuka mto, mwambie nimemkumbuka. Mama Mganda wa nyumba ya tatu, kama bado yupo Kasese, mpe salamu zangu kwa magoti.

Mimi mwanao, mwenye kosa langu,

Kavira

*

Mama,

Mi iko Kavira. Baba ananiandikia vile unakatala kwenda, unasema unaningojea. Mama, usikie muzuri. Munganga haangaliake mama yake mwenyewe. Ni mwiko ya kazi yetu, batu bote ya hospitali banaijua. Mukono inatetemeka juu ya mama, kisu inapoteza njia. Hata kama ningekuwa apo Bwera leo, ningekupeleka kwa mwenzangu na mi ningebaki inje ku mulango.

Kwa hiyo enda kesho na Baba. Daktari akuvue nguo, usione haya. Ni mwenzangu, kile atakuambia ni mi nakuambia. Akisema lala, lala. Akisema kunywa, kunywa. Usibishane naye.

Nakuja. Nitakukuta ku kitanda, nitakaa pembeni yako, nitakushika mukono. Pale sitakuwa munganga. Nitakuwa mutoto yako tu.

Kavira, munganga wako